Milipuko kwenye nyumba za wazee: ugonjwa unaletwa na mfanyakazi asiyelipwa akiumwa

MtunzaWazee

Wakuu, salaam. Wengi humu tuna ndugu wanaofanya kazi ya kutunza wazee Marekani, Uingereza, Kanada au Australia, na wengine ni sisi wenyewe. Massachusetts ukiingia nyumba ya wazee zamu ya usiku si ajabu kusikia Kiswahili kwenye korido. Uingereza nako walifungua viza ya watunzaji Februari 2022, wakaja kufunga mlango kwa wanaoajiriwa kutoka nje Julai 2025, na katikati hapo Waafrika wengi walipita. Kwa hiyo mlipuko ukitokea kwenye nyumba hizi, watu wetu ndio wanaowashika wazee mikono, ndio wanaowasafisha, na ndio wanaolaumiwa wa kwanza.

Nimeshapita kwenye milipuko ya mafua makali, ya kuhara na kutapika, na korona. Kuna jambo moja nataka tulijadili kwa uzito wake.

Mzee wa miaka 88 aliyelala kitandani hatoki nje kwenda kutafuta ugonjwa. Unaletwa kwake. Unaletwa na mgeni, unaletwa na mzee mwenzake aliyerudishwa kutoka hospitali, na mara nyingi sana unaletwa na sisi wafanyakazi. Tena hatuuleti kwa uzembe. Tunauleta kwa sababu siku usiyoingia kazini hulipwi, na kwa sababu mshahara wa nyumba moja haulipi kodi ya chumba, kwa hiyo asubuhi uko nyumba hii, jioni uko nyingine, wikiendi wakala anakutuma ya tatu. Virusi vinapanda gari moja na wewe.

Chukueni Kirkland, jimbo la Washington. Mwishoni mwa Februari 2020 nyumba iitwayo Life Care Center, yenye wazee wapatao 130, ndiyo iliyowaonyesha Wamarekani korona ikoje ikishaingia mahali pa namna hiyo. Kwa wiki kadhaa wazee walikuwa na mafua na vikohozi, na msimu ulikuwa wa mafua, kila mtu akadhani ni yaleyale ya kila mwaka. Vipimo vya korona havikuwepo kwa wingi. Wataalamu walipokuja kuhesabu, hadi tarehe 18 Machi walikuta wagonjwa 167: wakazi 101, wafanyakazi 50 na wageni 16. Katika wale wakazi 101, walikufa 34. Theluthi nzima.

Sasa someni walichosema kuhusu sababu. Walitaja wafanyakazi walioingia kazini huku wana dalili, walitaja wafanyakazi wanaofanya kazi zaidi ya nyumba moja, na walitaja upungufu wa vifaa vya kujikinga pamoja na mazoea hafifu ya kuvitumia. Kufikia tarehe hiyohiyo, nyumba zisizopungua 30 za kaunti ile ya King zilikuwa tayari na mgonjwa angalau mmoja. Mnaweza kujichorea wenyewe ramani ya nani anafanya kazi wapi.

Nyumba nyingine ya jirani walipima karibu wazee wote kwa mkupuo, wenye dalili na wasio nazo. Wazee 48 wakakutwa na virusi, na 27 kati yao siku ile ya kupimwa hawakuwa na dalili yoyote. Wengi wao dalili zilikuja siku chache baadaye. Maana yake ule utaratibu wa kumtenga tu anayekohoa ulikuwa umeshachelewa kabla haujaanza.

Nenda Australia. Julai 2020, Melbourne, nyumba ya St Basil's eneo la Fawkner. Mfanyakazi mmoja alipimwa akakutwa na korona tarehe 9. Wazee wenyewe hawakupimwa hadi siku kadhaa baadaye. Virusi vikatapakaa. Halafu mamlaka zikaamua kwamba wafanyakazi wote wamekaa karibu na wagonjwa, kwa hiyo wote waondoke kwa pamoja. Tarehe 22 Julai wakaingia watu wapya, wengi wao hawajawahi kukanyaga pale. Wazee wengi wa nyumba ile ni wa asili ya Kigiriki. Yule anayejua kwamba mama wa chumba cha kona hali mpaka umkatie chakula vipande vidogo, au kwamba mzee fulani hunywa maji kwa mrija tu, alikuwa nyumbani kwake karantini. Wazee wakakosa kulishwa na kunyweshwa ipasavyo. Waliokufa kwa korona ni 45, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ilichunguza vifo 50, kwa maana wapo ambao swali juu yao lilikuwa kama waliuawa na virusi au na kuachwa.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mtu yuleyule anayehesabiwa kuwa hatari mlangoni ndiye pekee anayejua namna ya kumwokoa mzee ndani. Ukimfukuza umepoteza, ukimwacha aingie akiwa mgonjwa umepoteza. Njia ni kumfanya asiwe na sababu ya kuingia akiumwa, na asiwe na sababu ya kuzunguka nyumba tatu.

Na hii si ndoto. British Columbia, Kanada, walianza vibaya. Kifo cha kwanza cha korona Kanada nzima kilitokea Lynn Valley, nyumba ya wazee ya North Vancouver, Machi 2020, na nyumba ile ilipoteza wazee 20. Lakini mwishoni mwa mwezi uleule mganga mkuu wa jimbo, Dkt. Bonnie Henry, alitoa amri: mfanyakazi mmoja, nyumba moja. Na serikali ikatoa pesa ili mishahara ilingane, usipoteze kipato kwa kuacha kazi ya pili. Hiyo sehemu ya pesa ndiyo watu huisahau wakisimulia.

Karibuni. Waliopo kwenye kazi hii wazungumze, na walio nyumbani wanaojiandaa kwenda nao waulize.

Kibatari

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini haya ni matatizo ya watu waliowapeleka wazazi wao kukaa na wageni. Huku kwetu mzee anakaa na wanawe na wajukuu. Kwa nini tuyabebe?

Mjukuu wa Misungwi

Kibatari kaka yangu, na huku zipo. Bukumbi, Misungwi, ni makazi ya wazee. Kolandoto Shinyanga yapo. Nunge pale Kigamboni yapo. Zanzibar kuna Sebuleni na Welezo. Baadhi ya makazi haya yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na ndiyo maana ukienda unakuta wazee waliokatika vidole wakiishi pamoja na wazee wasio na ndugu. Mimi nimekulia jirani na makazi ya namna hiyo, nikiwa mtoto tulikuwa tunapeleka mboga. Hawakutupwa na Wazungu. Wengine walifukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, wengine watoto wao walitangulia.

Sasa waweke wazee ishirini choo kimoja, aingie mmoja anaharisha. Au mmoja mwenye kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini miaka na miaka kikaamka kwa sababu ya uzee. Mwili wa mzee ndivyo ulivyo, kinga inapungua na ugonjwa wa zamani unafufuka. Akikohoa miezi mitatu watu wanasema ni uzee tu.

Na hata huyo mzee anayekaa na wajukuu, mjukuu anarudi na mafua ya shule. Tofauti ni kwamba kijijini anakufa mzee mmoja mmoja, nyumba hii na ile, hakuna anayehesabu.

Nesi wa Usiku

Naunga mkono hoja ya dada MtunzaWazee, nami niongeze upande wa dalili, kwa sababu humu ndimo watu wanapopotea.

Wazee hawaumwi kama vijana. Usisubiri joto lifike 38 na nusu. Kwa mzee anayeishi kwenye nyumba hizi, kipimo kimoja cha mdomoni kikizidi 37.8 tayari ni homa, na hata 37.2 ikijirudiarudia, au joto kupanda zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake, ni homa vilevile. Na wapo ambao joto halipandi kabisa. Unachokiona ni kwamba jana alimaliza uji, leo ameacha nusu bakuli. Aliyekuwa anakutania leo hakutambui. Aliyekuwa anatembea na fimbo ameanguka mara mbili. Hizo kwangu ni dalili za maambukizi mpaka zithibitike vinginevyo, na anayeziona ni yule anayemlisha kila siku. Daktari anayepita Jumatano hazioni.

Pili, kuhara na kutapika. Virusi vya noro ndivyo mfalme wa nyumba za wazee wakati wa baridi. Mzee anatapika mezani wakati wa chakula cha jioni, na ndani ya siku moja au mbili meza nzima iko chini. Virusi vichache tu vinatosha kukuangusha. Na hapa watu hukosea sana: ile jeli ya kileo iliyotundikwa ukutani haivitoshi virusi vya noro. Ni sabuni na maji yanayotiririka, usugue mpaka kati ya vidole na chini ya kucha, basi. Matapishi usiyafute na mopu ile unayofutia korido nzima. Vaa glavu, aproni na barakoa, funika kwa taulo za karatasi kwanza, zoa kwa kukunja kuelekea ndani, weka kwenye mfuko ufunge, ndipo upitishe jiki iliyochanganywa siku hiyohiyo, uiache ikae dakika zake kabla ya kufuta. Jiki iliyochanganywa wiki iliyopita imeshakufa nguvu. Usisahau vitasa, kitufe cha kuitia nesi, rimoti ya runinga na vishikio vya kiti cha magurudumu. Rimoti hasa, hakuna anayeisafisha.

Mfanyakazi aliyeugua akae nyumbani hadi zipite saa 48 tangu mara ya mwisho kutapika au kuhara. Si tangu ulipoanza kujisikia nafuu. Na hapa ndipo narudi kwa mleta uzi, saa 48 hizo nani anazilipa?

Pwani Mchangani

Nesi, upele je? Dada yangu yuko Texas alirudi kutoka kazini anajikuna usiku mzima, akaona aibu kusema.

Nesi wa Usiku

@Pwani Mchangani, ndugu yangu, upele kwenye nyumba hizi ni jambo la kawaida, wala si uchafu wa mtu. Mwambie asione haya. Unawasha zaidi usiku, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni. Tatizo ni mzee mwenye kinga dhaifu. Kwake upele unaweza kugeuka magamba mazito, ngozi inabanduka kwenye shuka, na kila gamba limejaa wadudu maelfu. Mara nyingi hata hajikuni, kwa hiyo watu hudhani ni ngozi kavu ya uzee na wanampaka losheni tu kwa mikono mitupu. Mtu mmoja wa hivyo anaambukiza ghorofa nzima pamoja na familia za wafanyakazi.

Dawa zipo, permethrini ya kupaka na ivermektini ya kumeza. Lakini zinafanya kazi mkitibiwa wote kwa wakati mmoja, wazee, wafanyakazi, na wa nyumbani kwako mnaolala pamoja. Akitibiwa mmoja leo na mwingine wiki ijayo mtazungushiana mwaka mzima. Dada yako aende kwa msimamizi wake, aseme, na aandikiwe kwamba ameupata kazini.

Mkazi wa Springfield

Mimi niko magharibi mwa Massachusetts, na hapa jirani ndipo ilipo Holyoke, nyumba ya askari wastaafu. Watu wa huku hawawezi kuisahau.

Machi 2020 wafanyakazi walikuwa wanaugua na wengine hawaingii, zamu hazijazwi. Tarehe 27 Machi uongozi ukaamua kuunganisha wodi mbili za askari waliopoteza kumbukumbu, ili wafanyakazi wachache waliobaki wawatoshe. Wodi moja ilikuwa tayari na wagonjwa. Wakawekwa watu 42 mahali pa watu 25, vitanda vimebanana, wagonjwa na wasio wagonjwa. Mtu aliyepoteza kumbukumbu huwezi kumwambia vaa barakoa akaelewa, huwezi kumwambia kaa chumbani mwako akakaa. Anatembea, anashika, anakaa kwenye kitanda cha mwenzake. Walikufa wanajeshi wastaafu wasiopungua 76. Watu waliopigana vita wakarudi wazima. Mwaka 2022 jimbo lilikubali kulipa familia dola milioni 56.

Ninachotaka mkione ni chanzo. Uamuzi ule ulitokana na upungufu wa watu, na upungufu wa watu haukuanza na korona. Nyumba ikiwa inaendeshwa siku zote kwa idadi ya chini kabisa ya wafanyakazi, siku watano wakiugua hakuna uamuzi mzuri uliobaki. Quebec, Kanada, ilikuwa hivyohivyo, kwenye nyumba ya Herron pale Dorval, nyumba ya binafsi tena ya gharama kubwa. Wafanyakazi waliugua, wengine wakaogopa, wakapungua hadi wachache mno, wazee wakabaki na njaa na nepi zilizojaa. Mchunguzi wa vifo alichunguza vifo 47 vya pale.

Fundi Bomba

Mimi si nesi, ni fundi wa maji, lakini kuna ugonjwa wa kwetu humu. Bakteria wa Legionela. Hawaambukizwi na mtu, wanatoka kwenye maji. Wanapenda maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 25 na 45, yaliyotuama kwenye bomba. Mzee anaoga kwa bomba la mvua, anavuta ule mvuke wenye matone madogo, anapata nimonia kali.

Mwaka 2015 nyumba ya askari wastaafu ya Quincy, Illinois, walikufa 12. Nyumba za wazee zina mtego wake: maji ya moto sana yanaunguza ngozi ya mzee, kwa hiyo wasimamizi wanashusha joto la tangi, na hapo umewaandalia bakteria makazi. Sahihi ni tangi liwe nyuzi 60 au zaidi, kisha ufunge vali ya kuchanganya karibu kabisa na bomba ili mzee asiungue. Na chumba kikikaa bila mtu, labda mzee amelazwa au amefariki, fungua maji yatiririke kila wiki. Mabomba yaliyokaa kimya ndiyo mabaya. Hakuna mfanyakazi wa kulaumiwa hapo, ni matengenezo tu.

Binti wa Leeds

Naomba niseme kuhusu Uingereza, maana mleta uzi amezungumzia zaidi Marekani na Australia.

Hapa mlango mkubwa mwaka 2020 ulikuwa hospitali. Katikati ya Machi iliamriwa vitanda viachwe wazi kwa ajili ya wagonjwa wa korona, na kufikia katikati ya Aprili wazee wapatao 25,000 walikuwa wametolewa hospitali kupelekwa nyumba za wazee, wengi bila kupimwa. Aprili 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sera ile haikuwa halali, kwa sababu hawakuzingatia hatari ya mtu asiye na dalili kuambukiza wengine. Kesi ile ilifunguliwa na mabinti wawili waliopoteza baba zao. Nawaheshimu sana wale wanawake.

Halafu kuna upande ambao wafanyakazi hatuusemi. Familia zilizuiwa kuingia kwa miezi. Nilikuwa namshikia simu mama mmoja ili aone uso wa mwanawe nje ya dirisha, mwana amesimama kwenye mvua, mama anagonga kioo anauliza kwa nini haingii. Kila siku anauliza. Alipungua mwili mbele ya macho yangu, na hakuwahi kupata korona. Kwa hiyo tukijadili kuzuia milipuko tusifike mahali pa kusema tufunge milango yote. Binti anayekuja kumlisha mama yake kila mchana naye ni mtunzaji, afundishwe kunawa, apewe barakoa na aproni, aingie.

Kibatari

Nimesoma yote. Bado nina swali kwa mleta uzi. Umesema tatizo ni kutolipwa ukiumwa. Nimeambiwa na jamaa yangu aliye Seattle kwamba jimbo la Washington lina sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo tangu 2018. Na Kirkland iko Washington. Sasa hoja yako inasimamaje?

MtunzaWazee

Swali zuri sana, Kibatari.

Ni kweli, sheria ipo tangu Januari 2018. Lakini itazame inavyofanya kazi: unapata saa 1 ya likizo kwa kila saa 40 ulizofanya. Mtu aliyeanza kazi mwezi mmoja uliopita ana saa nne. Hata anayefanya kazi mwaka mzima bila kukosa anapata kama saa 52. Karantini ya wakati ule ilikuwa siku 14, na kwa mtu wa zamu hizo ni saa 80. Hapo bado hajaugua mtoto wake hata siku moja. Halafu sheria hiyo ni ya jimbo. Kwa Marekani nzima hakuna sheria ya kudumu inayomlazimisha mwajiri wa binafsi kukulipa ukiumwa. Sisemi Kirkland ilisababishwa na jambo hilo peke yake. Vipimo havikuwepo, vifaa havikutosha, na virusi vyenyewe vilikuwa vigeni. Ninachosema ni kwamba wachunguzi walikuta watu wakiingia kazini na dalili, na mtu hafanyi hivyo kwa kupenda.

Uingereza walilipima jambo hili moja kwa moja. Mwaka 2020 ulifanyika uchunguzi ulioitwa Vivaldi, wasimamizi wa nyumba za wazee zaidi ya 5,000 za England wakajibu. Nyumba zilizowalipa wafanyakazi wakiumwa zilikuwa na maambukizi machache zaidi kwa wazee. Nyumba zilizotegemea sana watu wa wakala zilikuwa na mengi zaidi. Tena kumbuka malipo ya kisheria ya ugonjwa wakati ule yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Kwa wiki! Lipa chumba kwa pesa hiyo, kula, na utume nyumbani.

Australia nao walilielewa katikati ya msiba. Mwishoni mwa Julai 2020, St Basil's ikiwa katikati ya mlipuko, tume yao ya masuala ya kazi iliwapa wafanyakazi wa nyumba za wazee likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa ajili ya korona, hata wengi wa wale wasio na ajira ya kudumu. Kama ilikuwa sahihi mwezi ule, ilikuwa sahihi Machi pia.

Mzalendo wa Njoro

Watu watatumia vibaya. Utalipwa ukiumwa, kila Jumatatu utaumwa.

Nesi wa Usiku

Mzalendo, wapo watakaofanya hivyo, wachache. Mimi nimesimamia zamu, nawajua. Lakini gharama ya mtu aliyedanganya Jumatatu ni siku moja ya mshahara. Gharama ya mtu aliyeingia anaharisha ni ghorofa nzima imefungwa wiki mbili, wafanyakazi nusu wako chini, na wazee ambao hawatarudi kula mezani tena.

Pwani Mchangani

Chanjo hamjaizungumzia kabisa. Inasaidia kwa wazee au ndiyo yale ya kusema kinga yao imechoka?

Nesi wa Usiku

Inasaidia, ila si kwa kiwango cha kijana. Mzee aliyechanjwa mafua bado anaweza kuyapata, lakini uwezekano wa kulazwa au kufa unapungua. Ndiyo maana anayemhudumia naye achanje, kwa sababu kinga yako ni nzuri kuliko yake. Korona ilipopata chanjo Desemba 2020, Uingereza waliwaweka wazee wa nyumba hizi na watunzaji wao nafasi ya kwanza kabisa kwenye foleni. Siku hizi kuna pia ya nimonia na, tangu 2023, ya virusi vya RSV vinavyoshambulia njia ya hewa.

Na mafua makali yakishaingia msingoje. Wazee wawili wakiugua ndani ya saa 72 na mmoja akithibitishwa kwa kipimo, utaratibu wa Marekani ni kuwapa dawa ya mafua iitwayo oseltamiviri hata wazee wasiougua wa wodi hiyo, kwa muda usiopungua wiki mbili, na kuendelea hadi siku 7 zipite tangu mgonjwa wa mwisho. Nimeona nyumba ikisubiri wa tano na wa sita ndipo ipige simu. Mlipuko unaanza kwa wale wawili.

Njia Panda

Wakuu, nimefuata uzi huu kimyakimya tangu juzi. Mimi niko Eldoret, nimepata barua ya kazi ya kutunza wazee nje. Kabla sijasaini niulize nini? Naogopa wakiniona nauliza sana watachukua mwingine.

MtunzaWazee

Mdogo wangu, hongera. Uliza, tena kwa maandishi. Uliza nikiumwa nalipwa kiasi gani, na kuanzia siku ya ngapi, ya kwanza au ya nne. Uliza mimi peke yangu nitakuwa na wazee wangapi zamu ya mchana na wangapi usiku. Uliza kama nitakuwa na nyumba moja au nitazungushwa. Na kuhusu vifaa: glavu, aproni na barakoa ni zao au nanunua mimi? Mwajiri mmoja aliwahi kutukata mshahara kwa ajili ya glavu, na unajua mtu anayekatwa pesa ya glavu anavyozitumia, jozi moja kwa wazee watatu.

Kama wamekasirika kwa maswali hayo, bora wakasirike sasa ukiwa Eldoret.

Binti wa Leeds

Niongeze moja. Mwulize nani anabaki na wazee siku wafanyakazi watatu wakiugua pamoja. Sikiliza kama wana jibu la haraka. Nyumba niliyopo sasa walinijibu palepale: wana orodha ya watu wao wenyewe wa akiba, wanaowajua wazee kwa majina, na wanawalipa hata kwa siku za kusubiri simu. Nilisaini siku hiyohiyo.

Njia Panda

Asanteni sana dada zangu. Nawaandikia barua pepe leo jioni, nitaleta majibu yao humu.